Vyura Kwenye Dari ya Hozumi

Inspekta Kuzuhara alikuwa mtu wa adabu, na adabu yake ndiyo iliyotutisha. Angeweza kupanda ngazi na viatu vyake, kama walivyofanya wenzake walipokuja kumchukua mwenzetu Natori. Yeye alivivua chini, akavipanga vikitazama mlango, akapanda na soksi. Kwa hiyo hatukumsikia. Tulikuwa tumeinamia meza, brashi mkononi, mara tunahisi chumba kimebadilika. Ukigeuka, yuko mlangoni, kofia kifuani, anasubiri kukaribishwa.

Studio ya Hozumi ilikuwa ghorofa ya juu ya jengo la mbao huko Kanda, mtaa wa wachapaji na wauza vitabu jijini Tokyo. Chini kulikuwa na ghala la karatasi. Hozumi Teikichi, ambaye sote tulimwita mwalimu, alianza maisha kwa kuchora mabango ya sinema, kisha akajifundisha mwenyewe namna ya kuzifanya picha zitembee. Alitengeneza filamu fupi za katuni, za kuonyeshwa kabla ya filamu kubwa: paka mvivu, jini la mlimani lenye maumivu ya jino. Watoto wa Tokyo walizijua kabla hawajajua kusoma.

Mimi, Iwase Fumi, niliingia pale nikiwa msichana, kama mwoshaji. Kila picha ilichorwa kwenye shiti ya seluloidi, aina ya plastiki nyembamba na angavu kama kioo, na wakati wa vita shiti hizo hazikupatikana. Picha ikishapigwa, shiti inaoshwa ili ichorwe nyingine. Kazi yangu ya kwanza katika sanaa ilikuwa kufuta. Nilifuta milima, nyuso, bahari nzima, na maji yalikuwa baridi hata ngozi ya vidole ikapasuka.

Kufikia mwaka 1945 wanaume walikuwa wamechukuliwa na jeshi mmoja mmoja. Tulibaki wanne. Mwalimu, ambaye mapafu yake yalikuwa yamekwisha. Mimi, ambaye sasa nilikuwa nachora. Dada Masu, mjane wa makamo kutoka mashambani Nerima, mpakaji rangi mwenye ulimi usio na breki. Na Natori Shunji, mpiga picha wetu, ambaye jeshi lilimkataa kwa sababu ya mkono wake wa kulia.

Kuhusu mkono huo hatukuuliza. Polisi walimkamata kwa sababu zamani aliwahi kuwa katika chama cha wapenzi wa filamu ambacho baadaye kilisemwa kuwa cha wakomunisti. Alikaa ndani majira yote ya baridi ya mwaka uliotangulia. Aliporudi, vidole vitatu havikunyooka tena, akajifunza kuzungusha mkono wa kamera kwa kiganja. Alituambia jambo moja tu, siku moja tukila viazi vitamu: kwamba wale waliopiga kelele hawakuwa tatizo. Tatizo alikuwa yule aliyeuliza maswali kwa upole na kumwomba radhi kila alipotoka chumbani. Wiki iliyofuata Kuzuhara akaja kwa mara ya kwanza kutukagua, na Natori akaangusha lenzi.

Tangu hapo alikuja kila wiki. Tulikuwa tunatengeneza filamu ya jeshi la majini, ya kuwafundisha mabaharia kutambua ndege za adui kwa umbo la mabawa, kwa hiyo alikuwa na sababu ya kuja. Alikaa kwenye mkeka katikati ya chumba, akanywa maji ya moto tuliyoyaita chai, akamuuliza kila mtu swali moja dogo. Masu, mwanao wa kambini anaandika? Fumi, mashairi yale uliyokuwa unasoma kwenye treni ni ya nani? Sikuwahi kumwona kwenye treni.

Na juu ya kichwa chake, nyuma ya ubao mmoja wa dari, kulikuwa na vyura.

Ilikuwa filamu ya kwanza kubwa ya studio, iliyotengenezwa kabla sijafika. Korongo anatua kwenye bwawa na kuwaamuru vyura wajipange mstari kila asubuhi ili wahesabiwe. Vyura wanajipanga, wanapiga saluti. Kila asubuhi mstari unakuwa mfupi, na korongo anakuwa mnene. Mwishowe chura mmoja mdogo anakataa kusimama mstarini, na korongo, kwa kuwa hajazoea kukimbiza, anakwama kwenye matope. Ilipotoka watu walicheka tu. Miaka michache baadaye mtu fulani katika ofisi ya ukaguzi wa filamu aliitazama upya na hakucheka. Ikatoka amri kwamba nakala zote zisalimishwe. Mwalimu alipeleka nakala moja, akaapa kwamba mkanda wa asili alikwisha kuuharibu. Kisha yeye na Natori wakapanda juu ya kigoda na kuyaficha makopo matatu ya bati darini.

Nilipoambiwa, sikulala vizuri tena. Si kwa ajili ya polisi tu. Filamu za wakati ule zilikuwa ndugu wa baruti. Zikishika moto huzizimi. Ukizimwagia maji zinaendelea kuungua ndani ya maji. Ndiyo maana hatukuwasha jiko chumbani hata wino ulipoganda. Tulikuwa tunachora chini ya kitu ambacho kingeweza kutufunga kikionekana na kutuua kikishika cheche, na mtu aliyetaka kutufunga alikaa chini yake kila wiki akinywa chai.

Siku moja ya Februari, akiwa amekaa hivyo, kitu kikabingirika darini. Kilikwenda polepole, kikagonga boriti, kikanyamaza. Vumbi likashuka kwenye kikombe chake.

Kuzuhara alitazama juu. Alitazama kwa muda mrefu.

"Mna panya?" akauliza.

Natori alikuwa ameinamia kamera, nikaona shingo yake imeloa jasho katika baridi ile. Masu ndiye aliyejibu, bila kuinua brashi.

"Panya wa mwaka huu, bwana inspekta, ni wa kuhurumia. Wamekonda kuliko sisi. Huyo pengine anafunga mizigo ahamie mashambani."

Kuzuhara alitabasamu. Akatoa leso, akafuta vumbi ukingoni mwa kikombe, akanywa yaliyobaki.

"Panya wanapenda kutafuna filamu," akasema. "Mali ya jeshi iko hapa. Nitakapokuja tena nitapanda mwenyewe niangalie."

Alipoondoka tulisubiri hadi tukamsikia mwenye ghala akimuaga kule chini. Ndipo Masu alipoweka brashi, akaikalia mikono yake. Mwalimu alisema tuyatoe makopo leo leo. Natori akasema hapana, mtaa mzima unatazamwa, na mtu akionekana anatoka na makopo hafiki hata kituo cha treni. Walibishana kwa kunong'ona mpaka mwalimu akashikwa na kikohozi. Hawakuafikiana. Kesho yake wakabishana tena, na siku zikaenda hivyo, kila mmoja wetu akisikiliza ngazi.

Siku aliyorudi, theluji ilikuwa inaanguka tangu asubuhi, nzito, isiyo na upepo. Alikuja mapema kuliko kawaida. Alimsalimu mwalimu, akamwomba radhi kwa usumbufu, kisha akaenda mwenyewe kukichukua kigoda cha Natori na kukiweka katikati ya chumba. Alikuwa ameweka mguu mmoja juu yake king'ora kilipolia.

Tulikuwa tumezoea ving'ora. Lakini hiki hakikuisha, na mngurumo uliokuja nyuma yake haukuwa wa ndege mbili tatu. Ulijaza mbingu yote. Hatukuona chochote, juu kulikuwa na wingu jeupe tu na theluji ikishuka kwa utulivu, kana kwamba sauti ile haiihusu. Ndipo vikaanza kuanguka, si mabomu makubwa, bali vitu vidogo vingi, sauti kama mtu anamwaga kokoto kwenye mabati. Paa la mchapaji jirani likawaka lote kwa mkupuo.

Mwalimu alisema tutoke. Kuzuhara akasimama mlangoni.

"Sheria inasema raia anabaki na kuzima moto," akasema. "Ndoo ziko wapi?"

Ndoo zilikuwepo, na mchanga ulikuwepo, na Masu alikuwa ameshavaa kofia yake nene ya pamba inayofunika hadi mabegani. Dirisha lilikuwa limegeuka rangi ya chungwa. Nilimtazama mwalimu, mwalimu akamtazama Natori. Sote wanne tulijua kilicho juu ya vichwa vyetu, na mtu wa tano alikuwa hajui, na yeye ndiye aliyesimama mlangoni. Tukisema, tumekwisha. Tukinyamaza, tumekwisha pia, na upesi zaidi.

Natori akapanda juu ya kigoda.

Alisukuma ubao wa dari kwa kiganja cha ule mkono mbovu, akaingiza mkono mzima gizani, akatoa kopo la kwanza, akanipa. Akatoa la pili, akampa Masu. La tatu lilikuwa limebingirika mbali, ikabidi ajinyooshe hadi kigoda kikayumba, na hakuna aliyekishika ila Kuzuhara, sijui kwa nini. Nadhani mkono ulitangulia kabla ya akili. Natori akashuka na kopo. Juu ya kifuniko, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu, jina la filamu lilisomeka waziwazi.

Kuzuhara alilisoma.

"Hii ilisemekana imeharibiwa," akasema.

"Ndiyo," Natori akajibu. "Utanikamata tukifika chini. Shika hili, mimi siwezi kulibana ngazini. Likishika cheche humu hakuna atakayeuona mlango."

Akamwekea kopo mikononi. Na inspekta akalishika, kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake.

Tulishuka. Ghala la karatasi lilikuwa limeanza kutoa moshi upande wa nyuma. Nilipofika barabarani niligeuka, nikaona tuko wanne. Mwalimu hakuwemo. Natori alikuwa ameshaelewa, alikuwa anaita jina lake kuelekea ngazi. Ndani ya kabati kulikuwa na filamu ya jeshi, kazi ya mwaka mzima, na aliyeipoteza mali hiyo angejibu mbele ya mahakama ya kijeshi. Mwalimu alikuwa mtu aliyeogopa ofisi kuliko moto. Nilimwona dirishani, amekumbatia makopo, anakohoa. Alitutazama. Kisha chumba kikawa cheupe.

Haukuwa mlipuko. Ilikuwa kama pumzi kubwa, moja, na dirisha likatema mwanga ambao sijawahi kuuona tena maishani. Natori alikuwa amefika ngazi ya pili. Kuzuhara alimvuta nyuma kwa ukosi wa koti.

Tukakimbia. Watu walikuwa wanakimbia pande zote, wengine wakikimbilia tulikotoka. Theluji iliendelea kuanguka, na pamoja nayo zikaanguka cheche, nyeupe na nyekundu zimechanganyika, na kila cheche iliyotua juu ya kopo niliipangusa kwa kiganja. Kopo lilikuwa linapata joto. Au mikono yangu ndiyo iliyokuwa na homa. Niliwaza: nikilitupa, nitaishi. Niliwaza hivyo kila hatua, na sikulitupa, wala si kwa ushujaa. Vidole vilikuwa vimekakamaa tu.

Tulifika chini ya daraja la reli, kwenye yale matao ya matofali. Kando yake theluji ilikuwa imerundikwa kama ukuta. Masu akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa mikono.

"Zikeni humu," akasema. "Hapa ndipo pekee Tokyo nzima pasipo na moto."

Tulizika makopo mawili. Kuzuhara alisimama amekumbatia la tatu, nyusi zake upande mmoja zimeungua, kofia haipo. Tulimtazama. Naye, taratibu, akainama, akaliweka shimoni pamoja na mengine, akalifukia, akashindilia theluji kwa viganja. Alipoinuka alikuwa inspekta tena.

"Kesho asubuhi, kituoni kwangu," akamwambia Natori. "Usinifanye nije kukutafuta." Akatoka chini ya tao, akatokomea kwenye moshi.

Natori hakukimbia. Nilimsihi. Masu alimsihi pia, akamwambia kuna shamba Nerima, kuna shimo la kuhifadhia figili, mtu mwembamba kama yeye anaenea humo hata pamoja na kamera. Alicheka kidogo. Akasema akikimbia watamchukua mke wa mwalimu, kisha Masu, kisha mimi, na kwamba yeye angalau alishajua chumba kile cha mahojiano kilivyo. Asubuhi alikwenda. Alikuwa amenyoa ndevu.

Mimi na Masu tuliyatoa makopo theluji ilipoanza kuyeyuka, tukayasafirisha hadi Nerima ndani ya gari la kusukuma, tukiwa tumeyafunika kwa samadi. Askari mmoja alitusimamisha, akanusa, akatupungia mkono tupite. Tukayatia katika lile shimo la figili. Kisha tukaanza kumngoja Kuzuhara. Alijua filamu ipo. Alijua ni nani walioibeba. Kila sauti ya njia ya shambani ilinifanya nisimame, jembe mkononi, mpaka Masu akaniambia natisha kuku. Hakuja. Majira ya joto tukapata habari kwamba Natori alikuwa amefia gerezani, kwa homa, walivyosema. Wiki chache baadaye vita vikaisha.

Studio ilianza upya katika banda la Masu, mwaka uliofuata. Mke wa mwalimu alituachia jina la Hozumi. Hatukuwa na kamera. Tulikuwa na meza ya mlango uliong'olewa, na shiti chache za seluloidi zilizookolewa kwenye ghala la mtu. Nikarudi kuosha.

Nilikuwa kisimani, shiti mkononi, niliposikia mtu anakohoa kwa adabu nyuma yangu. Nikageuka, nikamwona Kuzuhara, na shiti ikanitoka. Vita vimekwisha, kitengo chake cha polisi wa fikra kimevunjwa na Wamarekani, mtu huyu hana ofisi wala silaha, suti yake imechanika kiwiko. Nilijua yote hayo, na bado nilitazama njia nione kama amekuja peke yake.

Aliomba radhi kwa usumbufu. Alieleza kwamba waliokuwa katika kitengo chake wamezuiwa kazi za serikali, kwamba kuna baraza linalosikiliza maombi, na kwamba mtu akipata shahidi wa tendo jema anaweza kusafishwa. Ana watoto. Angeomba nije niseme kwamba alibeba filamu iliyopigwa marufuku kutoka motoni kwa mikono yake.

"Ni kweli ulibeba," nikasema. Sauti yangu ilikuwa nyembamba.

"Na niliripoti kwamba zimeungua zote. Ningeandika zilipo, mngefungwa wote watatu. Sikukutaja wewe, wala yule mama."

"Ulimtaja Natori."

"Ilinibidi nipeleke mtu."

Alilisema bila ukali, kama anayeeleza saa za treni. Nilijua kwamba ni kweli niko hai kwa sababu ya ripoti yake. Nilijua pia vile vidole vitatu. Nilitamani Masu awepo, aseme neno lake moja la kukata, lakini alikuwa amekwenda sokoni.

"Nitakuja," nikamwambia. "Nitasema ulibeba kopo. Halafu nitasema na mkono wa Natori ulivyokuwa, na alikofia. Nitasema yote mawili, kwa mpangilio huo."

Alinitazama kama alivyokuwa akitutazama akiwa kwenye mkeka, na nikahisi anatafuta swali dogo la kuniuliza. Niliokota shiti iliyoanguka, nikaanza kuiosha.

"Basi usije," akasema. Akainama kuaga, chini zaidi ya ilivyohitajika, akarudi njia ya shambani. Sikumwona tena. Niliwahi kusikia kwamba alipata kazi katika kampuni ya bima, huko Chiba. Sijui kama ni yeye.

Studio yetu baadaye ikawa kubwa. Tulihamia jengo la zege, tukatengeneza katuni za televisheni, vijana wakaja kwa mamia kuomba kazi. Lakini nataka kueleza mara ya kwanza vyura walipoonyeshwa tena, kwa kuwa vijana huniuliza na mimi huwaambia kifupi tu.

Ilikuwa mchana, tukiwa bado katika banda la Masu; tulionyesha katika ukumbi wa shule ya Nerima, madirisha yamefunikwa mablanketi. Mkanda ulikuwa umesinyaa na kuingia mikunjo, lakini ulipita. Watoto waliokaa sakafuni walikuwa wamekonda, wengi wamenyolewa vichwa kwa ajili ya chawa. Waliwaona vyura wakijipanga na kupiga saluti, wakacheka. Mstari ulipokuwa mfupi, wakanyamaza. Korongo alipokwama, ukumbi ulipasuka kwa kelele hata sauti ya mashine haikusikika.

Hayo nimehadithiwa na Masu. Mimi nilikuwa nje, nimesimama kwenye ngazi za ukumbi, nautazama uwanja na lango. Masu alitoka kunitafuta.

"Ingia, Fumi. Inafika penye matope. Hakuna mtu anayekuja."

"Najua."

"Sasa unangoja nini?"

Nikamwambia aingie tu, asikose. Alinivuta mkono mara moja, akaniacha, akaenda. Nilibaki pale nikisikiliza watoto wakicheka, macho langoni, mpaka mkanda ulipokwisha.